Mwanangu Anatokwa na Mabaka Akinywa Dawa ya Rangi: Nimpe Nini?

SWALI: Habari mfamasia. Naishi Buzuruga, hapa Mwanza. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na kilo 16. Akipata homa huwa namnunulia paracetamol ya maji, ile ya pinki, na sasa imetokea mara mbili ametokwa na mabaka yanayowasha mgongoni na mapajani. Juzi nilimpa dawa ya kikohozi ya rangi ya chungwa, mabaka yakarudi, na usiku ule hakulala, alirukaruka mpaka alfajiri. Jirani yangu anasema ni rangi wanazotia kwenye dawa. Je, ni kweli? Nikifika duka la dawa niulizeje ili nipate isiyo na rangi? Naweza kuosha vidonge rangi ikatoka, au kufungua kapsuli za rangi mbili nikampa unga wake? Na mimi mwenyewe ni mjamzito, miezi mitano. FEFO (tembe za kuongeza damu) ninazopewa kliniki ni nyekundu. Niziache?

JIBU: Pole, dada yangu, na hongera kwa kuwa macho. Jirani yako hajakudanganya, ila ameruka hatua. Rangi za viwandani zinazotiwa kwenye dawa zinaweza kumletea mtu mabaka ya kuwasha, na madaktari wameliandika jambo hilo tangu miaka ya 1950. Lakini wanaopatwa nalo ni wachache, na ndani ya chupa zako mbili kuna vitu vingine kadhaa vinavyoweza kufanya hivyohivyo. Ukiibebesha rangi lawama yote kabla ya kuchunguza, utamkinga mtoto na upinki huku ukiendelea kumpa kile kinachomdhuru hasa.

Kwa hiyo zitafute kwanza zile chupa. Kama umeshazitupa, rudi ulikonunua, uombe kuoneshwa zilezile. Soma maandishi yanayoanza na "Each 5 ml contains". Hapo ndipo dawa yenyewe inapotajwa. Ya homa itasema paracetamol. Sasa geukia ya kikohozi. Dawa nyingi za mafua na kikohozi zinachanganya vitu vitatu au vinne, na mara kwa mara paracetamol ni mojawapo, pamoja na chlorpheniramine, ambayo sisi tumezoea kuiita piritoni. Ikiwa chupa zote mbili zina paracetamol, basi mshukiwa wa kwanza ni hiyo paracetamol, rangi inafuata nyuma. Mzio wa paracetamol ni nadra, lakini upo, na mtoto mwenye mzio huo atatokwa na mabaka hata ukimpa kidonge cheupe pe.

Hii ndiyo sababu nakusihi usimjaribishie paracetamol nyingine nyumbani kabla hajaonwa. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Sekou Toure, ukiwa na chupa mkononi, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Homa ikimjia kabla ya hapo, mpunguzie nguo, mpe maji ya kunywa kila mara, na umpeleke siku hiyohiyo. Huku kwetu Kanda ya Ziwa mtoto mwenye homa ni wa kupimwa malaria, kwa hiyo safari hiyo ungeifanya hata kama mabaka yasingekuwepo. Na endapo siku yoyote, baada ya dawa yoyote, midomo au ulimi vitavimba, atapumua kwa shida, sauti itakauka, au atalegea na kuanza kutapika mfululizo, usisubiri asubuhi. Chukua bajaji au bodaboda ya kwanza uliyoiona, nenda hospitali.

Kuna mshukiwa mwingine ambaye wazazi wengi humsahau, nao ni ugonjwa wenyewe. Kwa watoto, maambukizi, hasa ya virusi vya mafua na homa za kawaida, ndiyo chanzo kinachoongoza cha mabaka ya kuwasha yanayotokea ghafla. Mtoto anaanza homa, mama anampa dawa, baada ya saa chache mabaka yanatoka, na dawa inashikwa kwa sababu ndiyo iliyoonekana ikiingia mdomoni. Ukiangalia tarehe zako, mara zote tatu alikuwa mgonjwa. Siwezi kukuambia kuwa ni hivyo kwake, lakini daktari atalifikiria hilo, na wewe pia lifikirie.

Nina swali ambalo mfamasia wa Dodoma huenda asingekuuliza: mtoto huwa anakwenda ziwani? Maji yetu ya kandokando, penye majani na konokono, yana vijidudu vya kichocho. Vikipenya kwenye ngozi vinaweza kuacha vipele vya kuwasha ndani ya siku moja au mbili, na wiki chache baadaye baadhi ya watu hupata homa, kikohozi na mabaka kwa pamoja. Tazama jinsi picha hiyo inavyofanana na unayonieleza. Kama alikwenda kwa bibi Ukerewe wakati wa likizo, au huwa anaogelea na wenzake Igombe au Kirumba, mwambie daktari bila kuulizwa. Kichocho kina vipimo vyake na dawa yake, na hakiondoki kwa kubadilisha rangi ya dawa ya homa.

Baada ya hayo, tuseme daktari amemwona, paracetamol haina kosa, malaria haipo, na rangi imebaki kwenye orodha. Hapa sasa naweza kukusaidia vizuri.

Paracetamol ni unga mweupe. Upinki wa ile chupa hauteremshi homa hata kidogo. Viwanda vinatia rangi ili mtoto aipende dawa, ili mama na muuzaji waitambue haraka, na ili chupa ya leo ifanane na ya mwezi ujao. Kwenye kapsuli na vidonge vilivyopakwa ganda kuna sababu nzito zaidi: ganda lisilopitisha mwanga hulinda dawa zinazoharibika zikimulikwa, na rangi humsaidia mzee mwenye dawa tano asizichanganye. Kwa hiyo sisemi kila rangi ni upuuzi. Ila kwenye dawa ya maji ya homa ya mtoto, mimi sioni hasara yoyote ikiondolewa.

Majina utakayokutana nayo si mengi, na ukiyazoea utayaona upesi. Kwenye dawa za pinki na nyekundu tafuta carmoisine (E122), ponceau 4R (E124), erythrosine (E127) au allura red (E129). Za rangi ya chungwa mara nyingi zina sunset yellow (E110). Za njano zina tartrazine (E102) au quinoline yellow (E104), na za kijani kwa kawaida ni njano iliyochanganywa na brilliant blue (E133). Tatizo ni kwamba kila nchi ina namna yake ya kuandika. Dawa iliyofuata utaratibu wa Ulaya itaandika E na namba. Iliyofuata wa Marekani itaandika FD&C Yellow No. 5 ikimaanisha tartrazine, Yellow No. 6 ikimaanisha sunset yellow, Red No. 40 ikimaanisha allura red. Nyingine zinaandika CI na tarakimu tano: CI 19140 ni tartrazine, CI 15985 ni sunset yellow, CI 14720 ni carmoisine, CI 16255 ni ponceau 4R. Nakushauri uziandike kwenye simu yako. Dawa nyingi zinazouzwa hapa mjini zinatoka India, na baadhi ya maboksi yake huandika tu "Approved colours used", yaani imetiwa rangi zilizoidhinishwa, bila kusema zipi. Boksi la namna hiyo kwa mtoto wako lirudishe kaunta. Halikupi habari unayoihitaji.

Ya njano, tartrazine, ndiyo yenye historia ndefu kuliko zote katika habari ya mzio. Marekani inalazimisha itajwe kwa jina kwenye dawa za kunywa, na kwenye dawa za kuandikiwa liwekwe onyo kwamba inaweza kuleta athari za mzio, ikiwemo pumu, kwa baadhi ya watu, hasa wale ambao tayari aspirini inawasumbua. Kama wewe au baba yake mtoto mna pumu au mmewahi kuvimba kwa aspirini, mtajie daktari. Aspirini yenyewe mtoto mdogo hapewi kabisa, iwe na rangi au isiwe nayo, kwa sababu ya hatari ya ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.

Kuhusu kiasi, usihofu kuwa unamwekea mtoto sumu. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani imeweka kikomo cha tartrazine kuwa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kijana wako hiyo ni miligramu 160, na vijiko vya dawa havikaribii hapo. Erythrosine imebanwa zaidi, miligramu 0.1 kwa kilo, ambayo kwake ni 1.6 tu kwa siku. Lakini vikomo hivi viliwekwa kwa ajili ya watu wote kwa jumla. Mwenye mzio anaweza kusumbuliwa na kiasi kidogo sana, kwa hiyo kwake swali ni kama rangi ipo au haipo.

Usishawishike haraka pia na maneno "rangi ya asili". Carmine (E120), wekundu unaotokana na wadudu waliokaushwa na kusagwa, ni ya asili kabisa na imewahi kuwaletea watu mzio mkali. Kwa upande mwingine, oksidi za chuma (E172), zinazotoa rangi za udongo kwenye vidonge, ni nadra kulaumiwa kwa mzio.

Sasa ile habari ya kurukaruka usiku kucha. Mwaka 2007 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, uliowapa watoto karibu 300, wa miaka mitatu na wa miaka minane hadi tisa, vinywaji vyenye michanganyiko ya rangi pamoja na kihifadhi kiitwacho sodium benzoate. Kwa wastani utulivu wao ulipungua kidogo, lakini watoto walitofautiana sana, na kwa kuwa vyote vilitolewa pamoja haikuwezekana kusema ni kipi hasa kilichofanya hivyo. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula na vinywaji vyenye rangi sita, yaani E102, E104, E110, E122, E124 na E129, viandikwe onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Jimbo la California nalo lilipitia tafiti zilizopo na mwaka 2021 likahitimisha kuwa rangi hizi zinaweza kuwaathiri baadhi ya watoto kitabia. Mimi nayachukulia maneno hayo kwa uzito. Mtoto ambaye mama yake anaona habari hii ikijirudia ana haki ya kuondolewa rangi zisizo na kazi.

Pengine umesikia pia kwamba Marekani imepiga marufuku rangi nyekundu. Ni kweli kwa moja. Januari 2025 mamlaka yao ya chakula na dawa iliondoa kibali cha erythrosine. Viwanda vya chakula vilipewa hadi Januari 2027 na vya dawa za kunywa hadi Januari 2028. Sababu ni kwamba ilisababisha uvimbe wa saratani kwa panya dume, na sheria yao hairuhusu rangi iliyofanya hivyo kwa mnyama yeyote. Kwa binadamu hilo halijaonekana. Kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili ya chupa alizokwisha kunywa.

Pamoja na hayo, kwa ule usiku mmoja mimi ningemshika kwanza mwingine: dawa yenyewe ya kikohozi. Piritoni humlaza mtu mzima, lakini baadhi ya watoto huwageuza kinyume, wakawa hawashikiki. Dawa za kuzibua pua kama pseudoephedrine hufukuza usingizi, na salbutamol, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, humfanya mtoto atetemeke na moyo umwende mbio. Soma ile chupa ya chungwa. Ukikuta mojawapo ya hizo, umepata maelezo mepesi kuliko ya rangi.

Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji wenzangu hawatalipenda. Mtoto wa miaka minne mwenye mafua na kikohozi cha kawaida hahitaji hiyo chupa. Uingereza tangu mwaka 2009 inashauri dawa za aina hiyo wasipewe watoto walio chini ya miaka sita, kwa sababu faida yake haijathibitishwa na madhara yake yanajulikana. Kijiko kidogo cha asali safi kabla ya kulala kinatuliza kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja, na hapa Mwanza asali ya Tabora haikosekani sokoni. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi yanayouzwa famasi yanatosha, hayana rangi. Kikohozi kikiambatana na kupumua haraka, mbavu kubonyea ndani, au kushindwa kunywa, hicho si cha asali wala cha chupa. Ni cha hospitali, huenda ni nimonia.

Basi homa. Daktari akisharidhika kuwa paracetamol haina kosa kwa mtoto wako, suluhisho langu ni la bei ndogo kuliko unavyotarajia: kidonge cheupe cha kawaida cha miligramu 500, kisichopakwa ganda la rangi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto unasema mtoto wa kilo 14 hadi chini ya 19 apewe nusu kidonge cha 500 kila baada ya saa sita mpaka homa kali ishuke; wa kilo 4 hadi chini ya 14, robo. Kigawe kwa kisu safi, saga nusu katikati ya vijiko viwili, changanya na kijiko cha uji uliopoa au maji yenye sukari, mpe mara moja, kisha maji juu yake. Ni kichungu, atakunja uso. Usimtilie kwenye kikombe kizima cha uji, maana akikiacha katikati hutajua amekunywa dozi gani. Na siku hiyo asipewe kitu kingine chochote chenye paracetamol. Nimewaona watoto wanaopewa kidonge, dawa ya maji na dawa ya mafua, zote tatu zikiwa paracetamol, na ini ndilo linaloumia. Dozi ya kwanza mpe mchana, ukiwa naye, umwangalie ngozi kwa saa kadhaa. Mabaka yakitoka kwa kidonge kisicho na rangi, umepata jibu ambalo hakuna jirani angekupa: acha paracetamol, rudi kwa daktari.

Famasi kubwa za katikati ya mji wakati mwingine zina paracetamol ya kuweka njia ya haja kubwa, ambayo kwa kawaida ni nyeupe, nayo inafaa mtoto anapotapika. Dawa ya maji isiyotiwa rangi pia ipo, ila haipatikani kila siku. Ukienda kuitafuta, nenda asubuhi. Jioni pale stendi ya Buzuruga muuzaji ana watu kumi mbele yake, hana nafasi ya kukusomea. Usiulize "mna dawa nzuri ya mtoto?", atakupa inayotoka sana. Sema hivi: "Mwanangu ana shida na rangi za dawa. Naomba paracetamol ya mtoto isiyotiwa rangi, na naomba kusoma kijikaratasi cha ndani kabla sijalipa." Kwenye kijikaratasi hicho tafuta sehemu ya viambato vingine, chini ya dawa yenyewe. Chupa nyingi ni za kahawia, huwezi kujua kwa macho yaliyomo. Na "sugar free" maana yake haina sukari tu; inaweza kuwa na rangi tele. Vilevile dawa ya jina lilelile kutoka kiwanda kingine inaweza kuwa na rangi nyingine, kwa hiyo kila ukinunua upya, soma upya.

Kwenye duka la dawa muhimu mara nyingi utahesabiwa vidonge kutoka kwenye kopo kubwa, utiliwe kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x3 kwa kalamu. Kibahasha hakina viambato. Mwombe akuoneshe kopo, nawe upige picha lebo yake. Ni haki yako, na muuzaji mwenye leseni hatakasirika. Dawa za kutembezwa kwenye beseni au ndani ya basi usinunue kabisa, si kwa mtoto huyu wala kwa mwingine.

Kuosha vidonge: hapana. Kwenye vidonge vingi vya rangi, rangi imechanganywa mpaka ndani, utaosha mpaka uishie na tope mkononi. Vile vilivyopakwa ganda, mara nyingine hilo ganda ndilo linalofanya kazi. Diclofenac, kwa mfano, mara nyingi hufunikwa ganda ili isiyeyuke kwenye mfuko wa chakula ikauchubua, na dawa za kutoa nguvu taratibu ukizivunja zinamwagika zote kwa mkupuo. Maji nayo huharibu dawa nyingi hata kabla hujaimeza.

Kapsuli ni kweli kwamba rangi iko kwenye ganda na unga wa ndani mara nyingi hauna. Lakini za rangi mbili unazozifikiria karibu zote ni antibiotiki, na antibiotiki haipaswi kuwa nyumbani kwako ikisubiri homa. Pia ujazo wake ni wa mtu mzima. Ukimwaga unga na kuugawa kwa macho, huwezi kupata dozi ya kilo 16. Nyingine, kama omeprazole, ndani yake mna punje ndogo ambazo hazitakiwi kusagwa. Mtoto akiandikiwa amoxicillin, mwambie daktari kuhusu rangi, umwombe vile vidonge vya watoto vya kuyeyusha kwenye maji badala ya unga wa chupa wenye rangi na ladha. Vipo kwenye vituo vya serikali. Na akiharisha, ORS ya kawaida ya kuchanganya na lita moja ya maji ni unga mweupe, chukua hiyo, acha zenye ladha ya chungwa.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya yote nikilifikiria, nalo ni mama aliyeogopa rangi akamnyima mtoto dawa ya mseto ya malaria. Vidonge vya mseto huo, ALu, ni vya njano, lakini unjano huo haukutiwa na mtu. Lumefantrine, mojawapo ya dawa mbili zilizomo, ni ya njano kwa maumbile yake. Rifampicin ya kifua kikuu ni nyekundu yenyewe, mpaka mkojo na machozi vinageuka rangi ya chungwa. Vitamini B2 ni ya njano. Hizo ndizo dawa zenyewe, na ukiondoa rangi umeondoa tiba. Hata historia ya rangi na malaria imefungamana: mwaka 1856 kijana William Henry Perkin, London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini maabara, akashindwa, akabaki na zambarau ambayo ndiyo rangi ya kwanza ya viwandani kufanyiwa biashara kubwa. Ikitokea mtoto ana malaria, anakunywa mseto mpaka dozi iishe, na jambo la rangi linasubiri.

Ukishaanza kumkinga, angalia na mfuko wake wa shule. Dawa anakunywa siku tatu kwa miezi mitatu. Ubuyu mwekundu unaobaki kwenye vidole, barafu za mifuko, pipi na juisi za unga anavila karibu kila siku, na rangi ni zilezile. Mtoto anayekula ubuyu wa rangi na pipi nyekundu wiki nzima bila baka hata moja, kisha akatokwa na mabaka kwa dawa ya pinki, amekupa sababu nzuri ya kuanza kuitoa rangi kwenye orodha ya washukiwa. Chukua daftari, uandike tarehe, alichokula, dawa na kiwanda chake, kama alikuwa na homa, kama aliingia ziwani, na mabaka yalitoka baada ya muda gani. Yapige picha yakiwa yametoka, maana ukifika hospitali yatakuwa yamepotea. Kipimo cha kuchoma ngozi hakitegemewi kwa rangi hizi. Anayetaka uhakika hupewa rangi kidogo kidogo hospitalini, chini ya macho ya daktari, na daftari lako ndilo litakaloamua kama kuna haja ya kufika huko, pengine Bugando. Mwombe pia mhudumu ajaze fomu ya madhara ya dawa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ofisi yao ya kanda iko hapahapa Mwanza, na taarifa za namna hii ndizo zinazowaonesha kama dawa ya toleo fulani inawasumbua watoto wengi.

Mwisho, FEFO zako. Usiziache, dada yangu. Hujasema kwamba wewe zimekutoa mabaka, na mzio wa mtoto hauhami kuja kwa mama. Mjamzito wa ukanda huu anapoteza damu kwa njia nyingi, malaria, minyoo na kichocho, na zile tembe za madini ya chuma na foliki ndizo zinazokufikisha leba ukiwa na damu ya kutosha. Choo kikiwa cheusi ni chuma, usishtuke. Zikikutia kichefuchefu, meza usiku baada ya kula, kwa maji, na chai iwe mbali nazo kwa saa moja au mbili kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Ukiona ngozi inakuwasha baada ya kumeza, mwoneshe muuguzi wa kliniki ile pakiti, akutafutie za kiwanda kingine, huku ukiendelea kufuatiliwa kiwango cha damu. Na zikikuishia kabla ya tarehe yako ya kliniki, nenda ukachukue nyingine bila kuisubiri tarehe.